Mizinga Iliyohamishwa

Nyakahama, Kibondo
Jumapili, baada ya misa

Kwa kaka yangu Marselino,

Mwakeye, kaka. Naomba barua hii ikukute mzima huko Kasulu, wewe na wifi Veronica na watoto, na karakana yako ikiendelea kutoa vitanda na milango kama tulivyoizoea. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mvua imekwisha, maharage tumeshapura, na mbuzi wako yule mkorofi amezaa mapacha, wote wakorofi kama mama yao. Mama yetu jicho la kulia limezimika kabisa, la kushoto linaona mwanga tu, lakini mdomo wake mzima na masikio yake ndiyo usiseme. Kitanda ulichomletea mwezi uliopita kipo, kizuri vilevile kama ulivyokileta. Mimi ni mzima isipokuwa usingizi.

Utajiuliza kwa nini naandika barua wakati simu ipo. Simu yako, kaka, inaita hupokei. Wifi alipokea mara moja asubuhi akaniambia uko bafuni, nikapiga tena jioni akaniambia uko bafuni. Sawa, watu huoga. Basi barua hii nimempa Epifania, jirani yetu, anakuja soko la Kasulu, na nimemwambia asimkabidhi mtu yeyote ila wewe, na akusubiri mpaka uifungue.

Sasa nikupe habari. Unajua msitu wetu wa kijiji ulivyo na utaratibu. Tumeugawa vitalu, kila mwaka tunavuna kitalu kimoja tu, tena miti iliyofikia unene, na miti ya mbegu tunaiacha. Mti ukiangushwa, kisiki kinagongwa nyundo ya kijiji na gogo nalo linagongwa. Gogo lisilo na alama ya nyundo halipiti geti la ukaguzi. Hiyo nyundo imefungiwa kwenye sanduku la chuma ofisini kwa mwenyekiti wetu, Mzee Ildefonsi, na ufunguo ninao mimi, kwa kuwa mimi ndiye mhazini wa kamati ya maliasili. Unauona ufunguo huo kila ukija. Unaning'inia kwenye msumari chumba cha wageni, karibu na rozari.

Mwezi huu watu walipoanza kurina asali, mume wa Epifania alikwenda kwenye mninga alikotundika mzinga wake kule bondeni, upande ambao zamu yake ya kuvunwa bado miaka mingi. Akakuta mti haupo. Kuna kisiki tu, kimefunikwa majani. Alipoinua macho akaona mzinga wake uko juu ya mti wa pembeni, mzima, nyuki wanaingia na kutoka, na mdomo wake umeelekezwa kulekule ulikoelekea siku zote. Alirudi mbio kama aliyeona jini. Kamati tukaingia msituni wote, na kila tulipofukua majani tukakuta kisiki cha mninga, tena kimegongwa, na kwa ukavu wake tukajua miti ilikatwa majuma ya Pasaka. Alama ni ya nyundo yetu wenyewe, hata lile pengo la pembeni ililolipata ilipoangukia jiwe lilionekana. Hapo nilikaa juu ya kisiki.

Kaka, tangu siku ile kijiji hiki hakina salamu. Watu wanaamkiana huku wanachunguliana viatu kama vina vumbi la mbao. Na mimi unanijua, sikuachwa nyuma. Nilianza na Bwana Rashid, afisa misitu kutoka Kibondo. Mtu wa Lushoto, anaongea polepole, anapima visiki na kamba yake halafu hasemi kitu, ana pikipiki mpya. Nikasema huyu huyu! Fisi hakabidhiwi mbuzi. Nikapeleleza mpaka kwa dada anayewapikia chai ofisini kwao, nikaambiwa majuma yote ya Pasaka alikuwa likizo kwao. Nikamgeukia Mzee Ildefonsi, maana sanduku liko ofisini kwake na nyumba yake imeezekwa bati jipya. Nikamfuata binti yake nikijifanya naulizia mbegu za karanga, kumbe bati kalileta yeye kutoka Kahama, na mzee wakati huo alikuwa amelazwa. Nikaona haya, nikanunua karanga nisizozihitaji.

Wenzangu hawakuhangaika hivyo. Wao walishapata mtu wao. Walisema ni Nduwayezu, mpasuaji wetu wa mbao, kwa sababu wiki ile ya baada ya Pasaka ndiye aliyekuwa akikata kwenye kitalu cha halali, ng'ambo ya kilima. Kila aliyesikia msumeno wa mashine ukilia alidhani ni wake, na pengine ulikuwa ukilia pande mbili. Halafu wakaongeza lile lililokuwa moyoni mwao, kwamba ni mtu wa kuja. Baba yake alikuja na wakimbizi waliovuka mpaka mwaka wa sabini na mbili, yeye kazaliwa nchi hii hii, uraia anao, watoto wake wanaimba wimbo wa taifa kuliko wa kwetu, lakini mti ukipotea bado ni mtu wa kuja. Mimi mwenye ufunguo hakuna aliyenitupia jicho, kwa kuwa ni binti wa marehemu Venanti mfuga nyuki. Nilinyamaza kaka. Nilishukuru kimoyomoyo kwamba hawanitazami.

Nduwayezu yuko mahabusu Kibondo. Kibali cha kijiji kimesitishwa mpaka mwizi ajulikane, na Alhamisi ijayo ni mkutano mkuu, kijiji kiseme kama kinamshtaki. Wakisema ndiyo, kesi inaanza na familia yake inatolewa kwenye shamba. Mkewe Asnath ni mjamzito. Na unajua ni nani anayemchotea Mama maji ninapokuwa kwenye vikao? Ni huyo huyo Asnath. Hajaacha hata siku moja. Anaingia, anamwamkia Mama, anatua ndoo, anatoka, na mimi nakosa pa kuweka uso.

Sasa nisikilize vizuri. Kilichoninyima usingizi siyo visiki, ni mizinga. Mwizi wa haraka, mzinga anauwasha moto au anauacha uanguke na mti upasuke, akimbie nyuki. Huyu wetu hakupasua hata mmoja. Kwenye kila mti aliouiba aliushusha mzinga wa mwenzake polepole, akautundika pembeni, akauelekeza unakotakiwa, ili mwenyewe asikose asali. Kwetu mti wenye mzinga haukatwi mpaka mwenye mzinga aambiwe aje aushushe kwa mkono wake. Huyu hakuweza kuwaambia wenyewe, akawashushia. Mwizi gani huyo mwenye adabu? Na Nduwayezu nyuki mmoja tu akimuuma anavimba uso mpaka haoni. Mwaka juzi tulimwongoza kwa fimbo kutoka msituni huku tunacheka.

Nikalisema hilo kwenye kamati. Wakanijibu kwamba nyuki nao wanaweza kuhongwa moshi. Bwana Rashid peke yake ndiye aliyenisikiliza, akaamuru mzinga mmoja ushushwe auone. Wakaikata kamba. Kipande chenye fundo kikaanguka miguuni pangu, nikakiokota nikakitia kapuni kabla mtu hajauliza.

Marselino, unamkumbuka Baba na vidole vyake. Panga lilimchukulia viwili vya mkono wa kulia akiwa kijana, akawa akifunga kamba ya gome anaizungushia kushoto, anarudisha, halafu anapenyeza ncha chini kwa kidole gumba. Wafuga nyuki wengine wote huku wanazungushia kulia. Akakufundisha wewe, wewe peke yako, na wewe ukalishika fundo hilo hivyo hivyo. Tulikucheka sana mimi na Mama, una vidole kumi kamili na unafunga kama umekatwa.

Hata hivyo nilijiambia fundo ni fundo. Nikajiambia juma lile la baada ya Pasaka ulipokaa kwetu kila asubuhi ulikwenda Kasanda kutafuta maharage, kama ulivyosema, ingawa sikuona hata gunia moja likishuka. Nikajiambia ulilala chumba cha wageni kwa kuwa ndicho kilichokuwa wazi. Nimewashuku watu wa serikali, nimemshuku mzee mgonjwa, nimeshuku hata mapadri waliokuja kubariki shamba, ili nisifike hapo nilipofika. Kikulacho ki nguoni mwako, nao wahenga hawakusema ukiona uvue nguo vipi.

Basi juzi nikamwendea Mama. Nilitaka aniambie siyo. Sikumwambia kitu, nilimwekea kile kipande cha kamba mkononi, kwani unajua miaka yote ni yeye aliyekuwa akifungua mafundo Baba anaporudi na mizinga. Vidole vyake vikatembea juu ya fundo mara moja tu, akacheka. Akacheka kwa furaha, kaka! Akasema kumbe Marselino alikwenda kwenye mizinga ya baba yake, mbona alimdanganya kwamba yuko Kasanda. Akasema alijua tu, mtoto wa Venanti hawezi kuukaribia msitu ule asiupande mti. Akaniagiza nikuombe asali.

Halafu akaniuliza mizinga hiyo ilihamishwa kwa nini. Jibu hakulihitaji kwangu. Habari za visiki anazo, nyumba nzima inazungumza hayo hayo mchana kutwa. Mkono mmoja una kamba, mwingine ukaanza kupapasa ubao wa kitanda chake, ule mninga mwekundu ulioupiga msasa mpaka ukawa kama kioo. Akaunusa mkono. Kisha akaniomba nimshike, nimshushe, nimtandikie mkeka.

Tangu juzi Mama analala chini, Marselino. Baridi hii ya Juni unaijua, na kifua chake unakijua. Nimemsihi, nimemgombeza, nimelia. Amesema hatapanda tena kitanda hicho mpaka mume wa Asnath alale kwake. Kitanda kipo, kizuri vilevile, hakuna anayekilalia.

Sijui ulibanwa na nini. Ungesema. Ningekupigia magoti mbele ya kamati uuziwe magogo ya halali, au ningekukatalia ukakasirika, mambo yakaisha. Nakupenda, na nina hasira na wewe ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu. Uliuchukua ufunguo wangu. Nyuki uliwahurumia, mimi na Nduwayezu hukutuhurumia.

Bwana Rashid sijamwambia bado. Alhamisi saa nne nitasimama mkutanoni na kile kipande cha kamba, na nitasema fundo hili ni la nani na ufunguo ulitoka kwa nani, nikianza na jina langu. Wakinivua uhazini wanivue. Lakini Mama ametuomba jambo. Anataka apelekwe mkutanoni ashikwe mkono, na anataka neno hilo alisikie kwa sauti yako, siyo yangu. Amesema mtu hata akiiba, basi asiibe na maneno ya kumwokoa mwenzake.

Basi la asubuhi kutoka Kasulu linafika mapema, muda unatosha. Epifania atarudi nalo Jumatano, unaweza kuja naye. Nisalimie wifi, wabusu watoto, waambie shangazi yao hajawasahau. Mama anakusalimu. Asali hajaiulizia tena.

Ni mimi dada yako, mtoto wa Venanti kama wewe,

Theodosia

Nimefungua barua tena kuongeza hili: usiku wa kuamkia leo Mama amekohoa mpaka kumekucha. Njoo, kaka.