Rundo la Kokoto za Nyarero Limekubaliwa

Mama,

Tumeshinda. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu anayezunguka. Ungeniambia, "Rhobi, sema kwanza mgonjwa amepona au hajapona, habari za njiani baadaye." Basi, amepona. Watu wa reli wameyakubali mawe yako. Malori yamekuja Nyarero, yamepakia, yameondoka, na pale kando ya barabara lilipokuwa rundo letu, sasa mbuzi wa jirani wanajilalia.

Nimekaa huku nyuma ya nyumba, kwenye migomba, karibu na kaburi lako. Mtoto ananyonya, ndiyo maana mwandiko wangu unayumba. Ndiyo mama, nimepata msichana. Tumempa jina lako, Wankuru. Ana viganja vikubwa! Jirani yetu Mama Achieng alipomwona tu alisema, "Huyu hana haja ya shule, mpeni nyundo." Shule atakwenda. Zaidi ya mimi niliyeishia la saba.

Hukuondoka vizuri, mama. Hilo ndilo lililokuwa linanichoma. Wewe ndiye uliyeomba ile kazi ya kuipelekea reli ya serikali kokoto. Ukatukusanya kina mama, tukagonga mawe mpaka mvua ikatukuta. Halafu wakaja, wakachota kidogo, wakaenda kupima, wakasema mawe ni laini, yanasagika. Wakasema umechanganya moramu, ule udongo mwekundu wa changarawe laini, ili rundo lionekane kubwa. Wewe! Uliyekuwa mkali kwetu kuliko mpimaji yeyote. Ukaenda ofisini kwao, ukabishana, ukarudi, ukaenda tena. Jibu likawa lile lile: mawe yaondolewe, na kikundi chetu kisipewe tena kazi ya serikali. Kule dukani wakaanza kuyaita ugali wa Wankuru, eti ukiushika unamomonyoka. Na wewe ukalala na maneno hayo. Siku ya mwisho ulinishika mkono ukasema, "Mawe yale ni mazima. Msiyahamishe."

Nilikuwa nalia.

Baada ya matanga wenzetu wengine walichoka. Wakasema tuwauzie wanaojenga nyumba, yaishe. Nikawaomba, jamani, subirini kidogo. Nilipokwisha kujifungua, nikasikia mhandisi wa reli anakuja ofisi ya kata kuongea na wote wanaowapelekea vifaa vya ujenzi. Nikambeba mtoto mgongoni nikaenda. Wazee wamekaa mbele, makandarasi wenye mashati ya kunyooshwa, na mimi na kanga yangu. Nikanyoosha mkono. Nikasema, "Shikamooni wazee. Mimi ni mtoto wa yule mama wa kokoto mnazosema mbovu. Sijaja kugombana na mashine yenu. Naomba mje mpime tena, na sisi wagongaji tukiwepo." Mwanamume mmoja nyuma akapaza sauti, "Kaa chini wewe, mawe yameshazikwa na mwenyewe!" Watu wakacheka. Sikukaa.

Mhandisi hakucheka. Ni mama wa makamo, mwenyeji wa Iringa, sauti yake ya chini chini. Akasema, "Kupimiwa tena ni haki yake. Nitakuja mwenyewe."

Na akaja. Kina mama wote walikuwepo, hata bibi Nyamhanga mwenye mguu mbovu. Yule fundi wao wa vipimo akashuka kwenye gari, akaenda pale pale alipochota mara ya kwanza, upande wa barabarani, chini kabisa, akachomeka beleshi. Mimi nilikuwa nambembeleza mtoto, sikuona kitu. Aliyeona ni Mama Achieng. Akapiga kelele, "We baba! Mbona unachota tandiko? Ukija kwangu kula utatafuna na mkeka?"

Yule fundi akasimamisha beleshi.

"Tandiko gani?" mhandisi akauliza.

Mama, ni lile tandiko letu la moramu! Lile tunalomwaga kwanza juu ya udongo mweusi ili kokoto zisimezwe na tope. Siku zote hizo ulizobishana, hakuna kati yetu aliyelitaja, hata wewe. Nani angelitaja? Mtu akikuuliza umepikaje ugali, huanzi kumwambia kwamba uliosha sufuria. Sisi tulidhani wanajua, na wao walidhani rundo ni mawe mpaka chini. Mhandisi akashika kiuno, akacheka hadi machozi, akasema, "Hata mimi ningechota hapo hapo, ndipo panapofikika." Kisha akapanda juu mwenyewe. Kokoto zikamtelezesha, akashuka kwa makalio, akapanda tena. Akachota kileleni, akachota katikati, akafunga mifuko mbele ya macho yetu.

Majibu yalipotoka, mhandisi alinipigia simu mwenyewe. "Mama Wankuru, yamefaulu yote." Nilipiga vigelegele mpaka mtoto akaogopa. Tulicheza pale barabarani, bibi Nyamhanga akatupa fimbo yake. Ile amri ya kutunyima kazi imefutwa, na barua ya kuifuta wameituma ofisi ya kata isomwe mbele ya watu, kama ile ya kwanza ilivyosomwa. Na dukani? Sasa wanasema ugali wa Wankuru unavunja meno.

Nilitaka uwepo. Lori la mwisho lilipoondoka nilitazama nyuma, kama nakutafuta. Basi. Nimesema.

Wametuomba rundo lingine, mama, na wenzangu wamenichagua nisimamie. Tandiko tumeshamwaga, safari hii tumewaambia mapema. Jana shangazi Ghati alileta ndoo yake ya kwanza, na ndani amechomeka mawe laini, anafikiri mimi ni mtoto wa juzi. Nimemrudishia mbele ya watu wote. Amenuna, hata salamu yangu hajaitikia. Na kesho akileta hivyo nitamrudishia tena. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako: hakuna jiwe baya litakalotoka Nyarero kwa jina lako, hata liwe la shangazi.

Pumzika, mama yangu. Mtoto amelala, naenda kugonga.

Mwanao,
Rhobi