Gunia Juu ya Kabati la Pampu

Mambrui, Jumanne, Februari 1985

Jua la leo halikuwa na huruma. Hata sasa, magharibi ikikaribia, ukuta ninaouegemea bado una moto. Nimechoka, na si mwili tu. Nilipovua viatu chumvi ya Gongoni ilimwagika sakafuni, na sikuwa na nguvu ya kuifagia.

Leo nilinyamaza mahali ambapo haikufaa kunyamaza.

Tangu nimalize kidato cha nne, mimi ni karani wa vipimo kwenye kiwanda cha chumvi cha Gongoni. Kila saa naandika daftarini kina cha maji ya mabwawa, na kama pampu inayovuta maji ya bahari inakwenda au imesimama. Pampu yenyewe huwashwa na kuzimwa na kontrola, mashine ya umeme iliyofungiwa ndani ya kabati la chuma, nje kabisa, kando ya mfereji. Mzee Karisa, mwangalizi wa pampu, huiita ubongo. Mimi huniita karani, kwa heshima, kana kwamba nina ofisi.

Mwezi uliopita ubongo ulianza kuzimika kila jua lilipopiga ubavu wa kabati. Mzee Karisa akawa anaufungulia mlango upumue. Injinia Mutiso akamkemea: upepo wa huku una chumvi, mlango usifunguliwe kamwe. Kisha akaenda Mombasa wiki mbili.

Ndipo nilipojitia ujuzi. Nyumbani mama huuvika mtungi gunia lililolowa, maji yakapoa. Nikamwambia Mzee Karisa tulivike kabati vivyo hivyo.

"Haya, karani," akacheka, "na kata tuweke juu yake, wapitao wanywe!"

Lakini alilivika. Siku tisa pampu haikusimama hata mara moja. Niliandika "inakwenda, inakwenda, inakwenda", nikijiona injinia.

Maji matamu kiwandani huletwa kwa lori, nayo ni ya kunywa. Mzee Karisa alikuwa akilichovya gunia mferejini, kwenye maji ya bahari. Nilimwona. Mtihani wa sayansi nilifaulu vizuri, na bado sikuwaza lolote.

Asubuhi ya leo, Landrova ya Injinia ilipotokea, Mzee Karisa alilivua gunia haraka, akalikunja, akalikalia. Injinia akafungua kabati. Maji yaliyokuwa yakipenya kwenye maungio ya mlango yalikuwa yamekauka. Chumvi imeganda nyeupe, nyaya zimeota kutu ya kijani.

"Mzee, ulifungua mlango."

"Sikuufungua, Injinia."

"Basi chumvi iliingia kwa miguu yake?"

Mafundi aliokuja nao wakacheka. Mzee Karisa hakucheka, wala hakunitazama.

Injinia akasema imetosha. Ubongo utahamia ofisini, kwenye chumba chenye mashine ya ubaridi, na nyaya zitavutwa kutoka huko hadi pampuni. Mwangalizi hatahitajika tena. Mzee aende nyumbani akapumzike.

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Sauti sikuwa nayo.

Saa nane nilishindwa kuvumilia. Nilimkuta Injinia katika chumba hicho, anapima ukuta kwa kamba. Baridi ya mle ndani ilinisimamisha malaika mikononi. Nikamwambia yote: gunia, mfereji, na kwamba wazo lilikuwa langu.

"Maji ya mfereji!" Akashika kichwa. "Na mlango kweli hakuufungua?"

"Hakuufungua."

Hapo ningeweza kutoka. Badala yake nilifungua daftari, nikamwonyesha mara nne ambapo mwani uliziba mdomo wa pampu. Kila mara kontrola iliendelea kuonyesha kuwa mambo ni sawa, mpaka Mzee Karisa alipoingia majini kuutoa kwa mikono. Nikasema chumba cha baridi ni kizuri kwa kontrola, lakini kutoka humu nani atauona mwani? Sijapata kusema maneno mengi hivyo mbele ya mwanamume asiye ndugu yangu.

Hakukubali wala hakukataa. Alisema ubongo utahama vyovyote vile, kwa kuwa pale nje chumvi ingeufikia hata bila gunia langu. Ya Mzee Karisa atayaamua kesho. Na yangu pia.

"Niachie daftari," akasema.

Nimerudi mikono mitupu.

Kufukuzwa naweza kuvumilia. Kinachonichosha ni kumkumbuka mtu mzima amekaa juu ya gunia lililolowa, suruali yote maji, anachekwa, ili mimi nisiulizwe.

Kesho nitapitia nyumbani kwa Mzee Karisa kabla ya kwenda ofisini, nimweleze mwenyewe nilichosema, na kwamba nilichelewa kukisema. Nitampa shikamoo yake kama siku zote.

Sijui kama ataniita karani.