Mashine Inasema Luc Yuko Hai

Kadutu, Bukavu
9 Septemba 2023

Mpendwa yaya Constantin, kaka yangu,

Pokea salamu za nyumba nzima. Huko Lubumbashi mnaamkaje? Mkeo Chancelle na watoto ni wazima? Sisi tunapumua, namshukuru Mungu, ila magoti ya maman yanamsumbua tangu mvua ilipoanza.

Usishangae kupata karatasi badala ya simu. Siku hizi simu siiamini hata kidogo. Barua hii nimempa Séraphine, anayesafiri kuja huko, mkononi na kumwapisha asiifungue, maana kinywa chake unakijua.

Unakumbuka mdogo wetu Luc alivyoletwa kutoka vitani Bunyakiri, katika lori uliloendesha wewe mwenyewe, sanduku likiwa tayari limepigwa misumari. Tulimlia, tukamzika. Sasa juzijuzi wamekuja polisi wa jeshi wawili na kompyuta yao ndogo. Eti Luc ni mtoro wa jeshi! Kwao hakuna palipoandikwa kwamba alikufa, na kamera yao ya pale sokoni imeuona uso wake.

Maman aliketi chini palepale. Yule mkubwa akaigonga kompyuta kwa kidole, akamwambia, "Maman, ordinateur haidanganyaka. Mutoto wako iko hapa Bukavu. Mumutoe, ama tunabeba muke wake."

"Chef, tulimuzika. Kuya nikuonyeshe kaburi," nikamjibu.

"Kaburi haina sura," akasema.

Mireille, mjane wa watu, alikuwa ameshaanza kufunga nguo zake. Nikang'ang'ania nione hiyo picha. Yaya, nilicheka mpaka machozi. Alikuwa Mireille mwenyewe, beseni la ndizi kichwani, amevaa ile fulana ya matanga yenye picha ya Luc na kofia yake ya jeshi! Mashine ilimruka aliye hai, ikamkamata marehemu kifuani. Wakaondoka bila hata kutupa pole.

Lakini maman hakucheka. Nimemweleza na kumweleza tena; ananitazama kama mtu anayefichwa jambo. Anasema serikali haimtafuti maiti. Kila jioni anamwekea Luc bugali yake, na anakataza mtu yeyote asiiguse. Inaniuma sana.

Na mimi, nikuambie ukweli, shaka ni kama chawa: akiingia mmoja, humalizi kujikuna. Nimeanza kujiuliza kwa nini ulitukataza kufungua sanduku lile. Tena kwa nini ulihamia mbali hivyo kabla ya matanga kwisha. Labda ulitaka kutuficha majeraha yake, na kama ni hivyo, nisamehe. Lakini nasumbuka, na sina mwingine wa kumuuliza.

Papa Gaston anakusalimu, na Elodie pia, aliyejifungua mtoto wa kiume. Wanataka kumwita Luc. Maman amekataa, anasema jina lile bado lina mwenyewe.

Mungu akulinde safarini na nyumbani, akupe na moyo wa kunijibu. Nijibu kwa karatasi, neno moja latosha: kabla ya msumari wa kwanza, uliuona uso wake?

Mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokushuku,
Agnès