Nilimtabiria Mzee Uongo, Nikampoteza Binti Yake

Mshauri mpendwa,

Naomba msaada wako, maana nimefika mahali ambapo hata chakula hakishuki, na wenzangu wakisikia sababu wananicheka, kwa kuwa shida yangu ilianzia kwenye pigano la ngumi lililofanyika huko Amerika kati ya watu wawili wasiojua kama mimi nipo duniani.

Jina langu ni Mageto, nina miaka thelathini na moja, kwetu ni Nyamira, na huu ni mwaka wa nane nafanya kazi katika kiwanda cha majani chai hapa Kericho, upande ule wa kunyausha majani kabla hayajasagwa. Katika holi yetu ya wafanyakazi kuna televisheni, na kukiwa na pigano la ubingwa wa dunia la uzito wa juu tunalitazama Jumapili asubuhi kabla ya kanisa, kwa sababu kwao huko inakuwa bado Jumamosi, na mimi ndiye ninayeandika utabiri kwenye ubao ulio mlangoni, nani atashinda na ni raundi ya ngapi, halafu naweka jina langu chini. Hatuwekeani pesa, ni heshima tu, na sijisifu lakini mara nyingi napatia.

Ubao huo ndio ulionikutanisha na Chepkorir. Alikuwa mwalimu wa nasari ya watoto wa wafanyakazi, msichana wa kutoka Silibwet huko Bomet, na jioni moja alipita akasoma nilichoandika akasema, "Umekosea. Wewe unatazama mikono. Tazama miguu. Miguu ikichoka, mikono inakuwa mapambo." Nikamwuliza amejulia wapi ngumi, akasema baba yake alikuwa bondia wa jeshi, hakupata mtoto wa kiume, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa akisimama uani ameshika mito miwili ili mzee aipige makonde. Pigano lile nilikosea kweli, na Jumatatu nilikwenda mpaka nasari kumwambia nimekosea, akacheka mpaka watoto wakaanza kucheka naye bila kujua ni kitu gani.

Mshauri, tulikaa hivyo miaka miwili. Nikitoka kazini namkuta kwenye geti la nasari, tunatembea kando ya majani chai mpaka darajani, mvua ya saa tisa ikiwa imeshapita na njia inateleza, na yeye ananionyesha jinsi bondia anavyovuta bega kabla ya kurusha konde la kulia, vidole vyake bado vina chaki, na ananiambia ninanuka chai hata nikioga mara mbili. Sikuwahi kumwambia kwamba kuna siku nilikuwa naacha kuoga vizuri makusudi ili aniambie tena.

Sasa mimi ni Mkisii na yeye ni Mkipsigis, na unajua tangu zile vurugu za tisini na mbili jinsi watu wa pande hizi wanavyotazamana. Baba yangu mdogo aliacha shamba lake karibu na Sotik na hajarudi mpaka leo. Kwa hiyo Chepkorir aliponiambia baba yake, mzee Bethwel arap Sigei, amekubali nifike nyumbani anione, nililala siku tatu bila usingizi.

Wakati huo lilikuwa linakuja pigano kubwa, bingwa ambaye sisi holini tulimwita Tinga kwa sababu anakuja mbele kama trekta, na mpinzani tuliyemwita Karani kwa sababu anapigana kama mtu anayehesabu. Magazeti yote yalisema Tinga. Mimi nilikuwa nimemtazama Tinga katika mapigano yake mawili ya mwisho na nikaona miguu imekwisha, na tulipokuwa njiani kwenda Silibwet nilimwambia Chepkorir, "Karani atashinda, raundi ya tisa." Akanibana mkono akasema, "Mimi pia nimeona hivyo."

Tukafika. Mzee ni mtu mkubwa, pua imevunjika mara mbili, mikono kama jembe. Ukutani amebandika picha ya Tinga iliyokatwa gazetini, na majirani watatu walikuwa wamekuja kumwona huyo Mkisii. Nikapewa chai na mursik, yale maziwa yao ya kugandishwa kibuyuni, nikaulizwa habari za kazi, halafu mzee akaweka kikombe chini akasema, "Binti yangu anasema wewe unajua ngumi. Haya. Nani atashinda?"

Nilitazama ile picha, nikatazama wale majirani, nikasema, "Tinga, mzee. Raundi ya nne."

Mzee alipiga goti lake akacheka, akanivuta nikae karibu naye, akawaambia majirani, "Mnaona? Huyu ana macho!" Na kabla hatujaondoka akaniambia baada ya kuvuna mahindi nije na watu wangu tuzungumze. Mshauri, hakuna siku nimefurahi kama hiyo. Chepkorir alikuwa amesimama mlangoni na trei ya vikombe, ananitazama tu.

Tulipofika barabarani ndipo akaniuliza, "Kwa nini?" Nikamwambia, "Ili nikupate wewe." Akasema, "Sasa umempata baba."

Nilidhani yataisha. Kwenye ubao niliandika nilichoamini, Karani, raundi ya tisa, Mageto, kwa sababu holini nina jina langu na Silibwet ni mbali. Jumapili ya pigano holi ilijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Karani alimzungusha Tinga kama ng'ombe kwenye josho, na raundi ya tisa, dakika ya pili, Tinga akaenda chini na hakuinuka mpaka refa akamaliza kuhesabu. Watu walininyanyua juu wakipiga kelele, "Mageto! Ulisema! Ulisema!" Na nikiwa huko juu, mabegani mwa watu, nikamwona mzee Bethwel amesimama mlangoni kando ya ubao, amevaa koti lake la kanisa, na Chepkorir kando yake. Kwao hakuna stima, alikuwa ameamka alfajiri aje alitazame pigano na mkwe wake, na gari lilikuwa limewachelewesha.

Niliposhushwa nikamfuata. Aliweka kidole kwenye jina langu pale ubaoni.

"Ni wewe uliandika hii?"

"Ni mimi, mzee."

"Lini?"

"Jumatatu."

Akasema polepole, si kwa hasira, na ndiyo maana inaniuma zaidi, "Kijana, mimi nimepigwa sana ngumi na sijaogopa kupigwa. Lakini siku binti yangu atakuwa mgonjwa kwako, nikuulize hali yake, utaniambia ukweli ama utaniambia kile napenda kusikia?" Wakaondoka. Chepkorir aligeuka mara moja tu.

Muhula ulipoisha alipata kazi nasari ya kwao huko Bomet, na sasa ni miezi tisa. Nimemwandikia barua nne nikazichana zote. Nikipita darajani naenda upande wa pili. Pigano likionyeshwa natazama miguu na nasikia sauti yake kwenye masikio yangu, natoka nje kabla halijaisha, na ubao nimemwachia mwenzangu Kepher ambaye hajui chochote. Mama yangu ameniambia kuna msichana mzuri Nyamira, na kweli ni mzuri, lakini nilipokuwa nimeketi naye nilijikuta natazama vidole vyake nikitafuta chaki.

Sasa wiki iliyopita dereva wa lori la majani anaitwa Weldon, mtu wa Silibwet, aliniletea salamu za mzee. Tinga na Karani wanarudiana mwezi ujao, na mzee amesema, "Mwulize yule kijana, safari hii nani?" Basi, hayo tu. Mshauri, sijui kama ananidhihaki ama ananifungulia mlango. Mimi naona Karani atashinda tena. Nikisema hivyo namwumiza mzee ambaye bado ana ile picha ukutani, nikisema Tinga ni uongo wa pili, na nikinyamaza nitakuwa nimemkosea heshima. Nimjibu nini?

Mageto, Kericho

MSHAURI ANAJIBU

Mageto, pole. Miezi tisa ni mingi kwa mtu anayekwepa daraja, na sitakucheka. Lakini nitakugombeza kidogo, kwa hiyo kaa vizuri.

Umeniandikia kurasa nne na swali lako la mwisho ni umwambie nini mzee. Mzee! Soma barua yako tena. Chepkorir alikuuliza neno moja njiani, "Kwa nini?", ukampa jibu la kumbembeleza. Alikuwa amekubaliana nawe juu ya Karani dakika chache kabla, akakubana mkono kwa furaha, halafu akasimama mlangoni akasikia ukimkana mbele ya majirani. Kwa maana wewe hukumdanganya baba yake peke yake. Ulimfanya yeye awe shahidi wa uongo wako, na akabeba siri hiyo mpaka siku ile holini, akijua kila anachofikiria baba yake juu yako si kweli. Hilo hujamwomba msamaha. Umechana barua nne, na naamini zote zilikuwa zinasema jinsi unavyoteseka wewe.

Woga wako nauelewa. Mtu wa kabila lingine, baada ya yale yaliyotokea, ameketi katika nyumba ya watu na macho ya watu wanne yanampima, ulimi wake unajifunza kusema ndiyo. Wengi wetu tungesema Tinga. Lakini mgeni ndiye anayesema ndiyo kwa kila kitu, na wewe hukwenda pale kuwa mgeni. Ulikwenda kuwa mkwe. Mkwe siku moja ataulizwa kama ng'ombe auzwe, kama mama apelekwe hospitali, kama shamba ligawanywe, na mzee anayejua ngumi anajua kwamba ushauri wa mtu mwoga ni hatari kuliko ushauri wa adui.

Kuhusu salamu zake: mtu aliyekufungia mlango haulizi unaonaje. Huyo ni mzee aliyezoea kubishana juu ya ngumi na binti yake, na sasa nyumbani kuna binti asiyetaka kuzungumza habari hizo, na majirani wanaokubali kila asemalo. Amekukosa, Mageto. Hatakwambia hivyo, kwa hiyo amekutumia swali. Usimrudishie jibu kwa dereva wa lori. Mtu mzima hujibiwa akiwa ameketi mbele yako.

Fanya hivi. Usingoje pigano. Ijumaa hii omba ruhusa kazini, panda gari uende Bomet, na usiende kwa mzee kwanza. Nenda pale nasari wakati watoto wanatoka, umwambie Chepkorir maneno mawili: nilikudhalilisha, nisamehe. Usimwambie jinsi usivyolala. Usimwambie habari za msichana wa Nyamira. Kisha mwulize kama anataka uende kwa baba yake, na umpe nafasi ya kukataa, maana mpaka sasa wewe na mzee mmekuwa mkizungumza juu yake kana kwamba ni mkanda wa ubingwa.

Akikubali, nenda kwa mzee siku hiyo hiyo. Kabla hajakuuliza, mwambie, "Mzee, nilikudanganya kwa sababu nilikuogopa." Akishakusikia, mpe Karani wako na sababu zako zote, na akikasirika usirudi nyuma hata hatua moja. Atakukatalia, mtabishana mpaka chai ipoe. Hiyo ndiyo heshima anayoitafuta. Na Karani akipigwa mwezi ujao, mshukuru Mungu, maana mzee atakuwa na jambo la kukucheka kwa miaka kumi.

Chepkorir akikataa, usimbembeleze wala usimsubiri getini. Mshukuru, rudi Kericho, umwambie mama yako ukweli kwamba bado huko tayari, na usimwoe msichana wa watu ukiwa bado unatafuta mtu mwingine kwenye vidole vyake. Itakuuma. Lakini utakuwa umeulizwa, umejibu kweli, na umejibiwa kweli, na huo ni mwanzo ambao hujawahi kuupata tangu siku ile ulipoketi Silibwet.

Gari la kwanza kutoka stendi ya Kericho huondoka mapema. Vaa koti, Bomet asubuhi kuna baridi.