Mtani Wangu Alisema Kweli

Kinondoni, Dar es Salaam,
Jumapili, tarehe 15 Agosti 1954.

Kwa kaka yangu mpendwa, Mwalimu Kasiani,

Tumsifu Yesu Kristu. Shikamoo kaka, na shemeji naye mfikishie salamu zangu za heshima. Habari za Ndala, habari za shule, na kile kifua chako kinachokusumbua kila vumbi linapoanza, kimepoa? Na Tekla wetu hajambo? Mie ukiniuliza, mwili hauna neno, nakula na nalala. Lakini leo ni sikukuu ya Mama Maria kupalizwa mbinguni, kengele nimeisikia, na Misa sikwenda. Nimejifungia chumbani nakuandikia wewe, maana huko kanisani nisingejua macho niyaweke wapi.

Jibu lako nimelipata. Umenipa pole kwa ajali, umemshukuru Mungu kwamba nimetoka mzima, halafu ukaandika kwamba huyo Mzaramo mpuuzi aliyeshika usukani kwa mzaha anastahili kufungwa. Mstari huo nimeusoma mara nne. Hukukosea kaka, umeandika kufuatana na nilivyokueleza. Aliyekosa ni mie niliyekueleza hivyo, na leo nataka nikueleze upya kutoka mwanzo. Tafadhali soma mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Shomari unamfahamu kwa matusi yake tu, yale ninayokuandikia mwishoni mwa kila barua. Ni mtu wa Kisarawe, selemala wa milango na vitanda, mpwa wa Bi Mwanakombo mwenye nyumba hii. Chumba chake na changu vinatazamana, ukumbi katikati. Siku niliyohamia, aliposikia kwamba mie Mnyamwezi, aliichukua sahani ya ugali mkononi mwangu akala mpaka akamaliza, akaniambia kwamba babu zangu walishuka pwani na mizigo kichwani wakala maembe ya babu zake bila kuomba, kwa hiyo leo tumelipana. Kesho yake nikavaa viatu vyake vipya nikaenda navyo kazini. Tangu hapo ukawa ndio mwendo wetu, kila siku tusi na kicheko, kama unavyojua Wazaramo na sie tulivyo. Watu wa mtaa huu walizoea kiasi kwamba tukisalimiana kwa adabu huuliza nani kafiwa.

Katika miaka minne alinikuta nimeanguka mara tatu. Mara ya kwanza ukumbini, mara ya pili uani nikienda kuoga, mara ya tatu chumbani kwake. Kila mara alinilaza ubavu, akanifuta povu, akawaambia watu wa nyumba kwamba nina homa. Na kaka, huyu mtu ambaye hakuacha kitu changu bila kukitania, kuanzia pua yangu hadi lafudhi yangu, kuhusu kuanguka kwangu hakunitania hata siku moja. Hilo nilipaswa kulikumbuka.

Mwezi wa tano nikaanguka uwanjani kwa tajiri, mbele ya wapakiaji wote, ndio kwanza nimeshuka kwenye lori. Tajiri wangu, Bwana Virji, si mtu mbaya. Aliniambia kazi yangu atanitunzia, ila funguo atakaa nazo yeye mpaka nimletee karatasi mbili: moja ya polisi kwamba uendeshaji wangu bado ni mzuri, na moja ya daktari wa serikali kwamba mwili wangu unafaa kuachiwa lori.

Kwa polisi nilitamba, sikufichi. Inspekta mmoja Mzungu alinirudisha nyuma kati ya mapipa, nikapita bila kugusa hata moja. Akanisimamisha kwenye mlima, akaweka kiberiti nyuma ya gurudumu, akaniamuru niondoke. Niliondoka, na kiberiti tukakikuta kizima. Aliandika karatasi yake, nami nikajiona dereva kuliko madereva wote wa mji huu.

Kwa daktari ndiko kulikokuwa na kazi. Alinigonga magoti, akanimulika machoni, akanitembeza juu ya mstari wa chokaa. Kisha akasema, kwa mdomo wa karani wake mkalimani, kwamba mwili hauna kasoro, lakini ugonjwa anaoutafuta huja na kuondoka bila kuacha alama, na mwenye kuuona ni yule anayeishi na mgonjwa. Akauliza kama kwetu yupo aliyewahi kuanguka. Nikajibu hakuna. Basi akaniambia nirudi siku ya pili na mtu tunayelala nyumba moja, aje aseme alichokiona.

Bi Mwanakombo sikumtaka, maana huyo hawezi kudanganya hata kuku wake. Nikamchukua Shomari. Sikumfundisha la kusema, nilidhani hakuna haja, mtu aliyenifichia miaka minne. Njiani alitembea nyuma yangu, nikadhani anamwogopa yule daktari Mzungu.

Tulipoingia alivua kofia yake. Akasema kwamba mimi huanguka, na kwamba ameniona mara tatu kwa macho yake. Nikianguka hutokwa povu, na nikiamka jina langu silijui. Akasema mimi ni kama ndugu yake wa tumbo moja, ndiyo maana anamwomba bwana daktari asinirudishie lori, kwani nitaua watu au nitajiua.

Kaka, karani yule alikuwa mtu wa Nzega. Kabla hajafungua kinywa kutafsiri, mie nikacheka. Nilicheka kwa nguvu nikajipiga mapaja. Nikamwambia kwa Kinyamwezi kwamba huyu ni Mzaramo, mtani wangu, na tangu jana ameapa atanifukuzisha kazi nirudie kubeba mizigo kama babu zangu. Karani akaangua kicheko. Shomari akasema tena kwamba ni kweli, karani akazidi kucheka. Shomari akaapa kwa Msahafu. Karani akashika mbavu akasema Wazaramo hawa wakianza hawana breki. Kila alivyosisitiza ndivyo utani ulivyonoga. Daktari akaelezwa kwamba hiyo ni desturi yetu, akatabasamu kwa adabu, akaandika kwamba sina ugonjwa.

Hivyo ndivyo nilivyoipata karatasi yangu.

Nje nilingoja anitukane. Hakunitukana. Aliniuliza tu kama mbele, kwenye lori, pana nafasi ya mtu wa pili. Jumatatu yake akafunga karakana yake, akaenda kwa Bwana Virji kuomba kazi ya kupakia mawe. Selemala mzima, kaka, kupakia mawe! Nilimtania siku hiyo mpaka nikachoka na hakucheka. Kuanzia hapo, kila safari ya machimboni alikaa kushoto kwangu, na macho yake hayakuwa barabarani, yalikuwa usoni pangu. Hilo liliniudhi. Nilimwambia mimi si bibi harusi wa kutazamwa. Akajibu kwamba uso wangu una uzuri gani, yeye anatazama kama nzi atatua. Ndio utani wa mwisho aliowahi kunifanyia.

Tulikwenda hivyo kwa wiki sita.

Jumanne ya kwanza ya Julai, asubuhi, tulikuwa tunarudi na mawe ya kujengea. Karibu na Mwananyamala pana mahali akina mama hukaa kando ya barabara na mihogo yao. Kabla hatujawafikia, ile harufu ikanijia. Wewe unaijua, nilikuwa nakueleza tulipokuwa wadogo, harufu ya nywele zinazoungua ambayo hainusi mtu mwingine ila mimi. Katika barua iliyopita nilisema zaidi ya ule mzaha sikumbuki kitu. Nakumbuka. Nilipata nafasi ya kukanyaga breki, nafasi ya kutosha kabisa kuhesabu mpaka tano. Sikuikanyaga kwa sababu Shomari alikuwa ananitazama, na sikutaka aone kwamba alisema kweli.

Nilipozinduka lori lilikuwa mtaroni, limeegemea mnazi. Mihogo ilitapakaa kila mahali, akina mama wanalia, lakini hakuna hata mmoja aliyeguswa. Shomari alikuwa ameuvuta usukani kwa mkono wa kulia, na mkono wake wa kushoto, aliokuwa ameushikiza mlangoni, ulibanwa kati ya bati na mti. Wamemkata vidole vitatu. Ndio mkono wa kushikia patasi.

Sasa nafika kwenye lile neno lenyewe. Polisi walipokuja, akina mama wale walisema waliyoyaona, kwamba yule wa kushoto ndiye aliyekuwa akinyang'anya usukani. Hawakusema uongo. Askari akanigeukia mimi akaniuliza kwa nini mwenzangu alifanya hivyo. Naweza kukuambia kwamba kichwa kilikuwa bado kizito, na ukaniamini. Hakikuwa kizito. Jina langu nililijua, la askari nililisoma kifuani pake. Nilimjibu kwamba huyu ni mtani wangu, alikuwa akinifanyia mzaha. Shomari alikuwa chini, amefungwa kanga ya mama mmoja mkononi, ananisikia. Hakubisha. Nadhani alikumbuka kwa daktari, akaona hakuna faida.

Naona haya kaka. Naona haya kula chakula cha Bi Mwanakombo, maana bado ananipakulia, na anaponipa sahani haniambii kitu. Hospitali nilikwenda mara mbili nikaishia mlangoni, ya tatu nikaingia. Alhamisi iliyopita nikajikaza nikaenda kituoni, nikasema kwamba mie ni mgonjwa, nilizirai, na yule mtu aliokoa roho za watu. Koplo alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka. Akaniuliza kama leo ni zamu yangu ya kutania. Akanionyesha karatasi ya daktari katika faili, sina ugonjwa, imepigwa muhuri. Akaniambia nikitaka aniamini nimlete mtu aliyewahi kuniona nikianguka, asiwe Shomari. Bwana Virji alisimuliwa tu, hakuniona; wapakiaji wake hawataki kwenda polisi, na Bi Mwanakombo siku zote aliambiwa ni homa. Aliyebaki ni Shomari tu, na neno la Shomari mie mwenyewe nimeliharibu. Kesi yake ni tarehe thelathini.

Kwa hiyo nimebaki na wewe. Wewe uliniona nilipoanguka kisimani nikiwa na miaka tisa, ukaniona darasani, ukaniona siku ya kipaimara. Wewe ni mwalimu, na padre anaweza kukupigia muhuri. Nakuomba uandike uliyoyaona, ulitaje na jina la ugonjwa wenyewe, lile ambalo nyumbani hatukulitamka hata siku moja. Tulisema kuanguka, tulisema upepo. Ni kifafa. Nimeliandika, na mkono haukukauka.

Najua ninachokuomba. Mama alituapisha tusiseme mpaka Tekla aolewe, na sasa Tekla ameposwa, na wewe unawajua wale watu. Wakisikia kwamba kuna kifafa katika ukoo wanaweza kurudisha maneno yao. Sina haki ya kumharibia dada yangu kwa sababu ya kosa langu. Lakini Shomari naye ana dada zake kule Kisarawe wanaoambiwa kwamba kaka yao alipindua lori kwa upuuzi. Tafadhali msomee Tekla barua hii yote, hata pale penye breki, usiruke. Akikataa nitamwelewa, nami nitakwenda mahakamani peke yangu nikaseme tena, wacheke wapendavyo.

Ndani ya bahasha utakuta leseni yangu. Niliwapelekea polisi wakanirudishia, wakasema haina kasoro. Itie katika sanduku la mama ulifunge, na hata nikikulilia usinipe.

Msalimie shemeji, wasalimie watoto, na Tekla mwambie kwamba kaka yake mdogo anamwomba radhi kabla hajasikia kosa. Bi Mwanakombo anakusalimu.

Shomari naye anakusalimu. Siku ile niliyoingia hospitali nilimwambia nitakuandikia, nikamwuliza safari hii nikupelekee tusi gani. Alifikiri kidogo. Akasema nikufikishie salamu nyingi, Mwalimu, na anakutakia afya njema wewe na watu wa nyumbani kwako. Nilikaa pale nikingoja aongeze kitu. Hakuongeza. Nilipoinuka kuondoka aliniaga akaniita Bwana Adelard.

Ni mimi mdogo wako,
Adelard