Daktari Aliyehesabu Mapigo Yetu

Kariakoo,
Dar es Salaam

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Vipi kikohozi, kimepungua? Na kahawa, imechanua vizuri mwaka huu? Mimi sijambo, ingawa najua binamu alifika huko na habari kwamba nilianguka kazini. Ni kweli. Lakini nipo, ninakula, na nataka uisikie habari yenyewe kutoka kwangu.

Nilianguka na gunia la mahindi begani, hapa kwenye ghala letu. Msimamizi wetu, Ndugu Kihwelo, alisema mbele ya wenzangu, "Huyu ni mvivu, au anakunywa. Jumamosi kamati ya ghala itaamua kama abaki." Mama, niliona aibu. Hukunilea kwa uvivu.

Wenzangu wakanipeleka kwa Daktari Sharda, mama wa Kihindi mwenye zahanati upande wa Kisutu. Ni mwembamba, hali nyama kabisa, na sauti yake ni ndogo. Akanipima malaria, hakuna. Akaniuliza ninakula nini. Nikamwambia: asubuhi chai kavu, mchana ugali na mchuzi tunaopewa ghalani. Akasema, "Kesho nitakuja kuwapima wote, hukohuko kazini."

Akaja kweli, siku tatu mfululizo. Kwanza alitupandisha na kutushusha kwenye kreti mmoja mmoja, huku tukipumulia ndani ya mfuko mkubwa wa mpira alioazima chuoni alikosomea. Yeye ameshika mkono wako, macho kwenye saa. Nilimwuliza yote hayo ni ya nini.

"Mwili unachoma chakula kama jiko linavyochoma mkaa," alisema. "Pumzi yako inanionyesha umechoma kiasi gani moyo ulipokwenda mbio kiasi fulani. Nikishajua hivyo, ukiwa na gunia nitahesabu mapigo tu, nikadirie kalori."

Kalori, mama, ndicho kipimo cha nguvu iliyomo katika chakula.

Basi tukabeba. Alisimama katikati ya vumbi la pumba, sari ameikunja juu, akitushika kifundo cha mkono kila tunapotua mzigo. Mzee Salumu, mkubwa wetu kwa umri, akamwambia, "Daktari, moyo wangu huu hata mke wangu hajawahi kuuhesabu." Tukaangua kicheko. Naye akatuamuru tutulie, maana kicheko nacho kinamharibia hesabu.

Jumamosi kamati ikakaa, daktari akawasomea karatasi ya hesabu zake. Ndugu Kihwelo akasema, "Dar ni joto. Joto peke yake linakimbiza moyo." Nikadhani nimekwisha.

"Umesema kweli, ndugu," daktari akajibu. "Hata hofu inaukimbiza. Haya ni makadirio, ndiyo maana nimeyapunguza. Yapunguze tena ukitaka, bado chakula mnachowapa hakitoshi kazi wanayoifanya. Huyu hakuwa mvivu. Alikuwa amechoma kila alichokula."

Kihwelo akaichukua karatasi, akaisoma taratibu, akairudia. Kisha akanigeukia. "Ndugu Aminieli, nilikukosea."

Tangu siku hiyo namheshimu na yeye. Sasa saa nne tunapata uji wa karanga, na mchana maharage bila kubaniana. Lakini huyo mama daktari, jamani! Hakupandisha sauti hata mara moja.

Nilipokwenda kumshukuru, nilimsimulia unavyopanda kilima na majani ya ng'ombe kichwani, ukirudi unafuata mkungu wa ndizi. Akaniuliza, "Na yeye anakula saa ngapi?" Miaka yote ile, mama, sikumbuki kukuona ukila kabla yetu.

Nisalimie baba mdogo na ng'ombe wake, shangazi mwimbaji wa kwaya, na bibi mzaa baba, mwambie namwombea. Na wewe dada Ndeshi, unayemsomea mama barua hii: ukifika hapa iweke chini, mpakulie. Jina langu umsomee akishashiba.

Mwanao,
Aminieli