Dada, Usiniletee Korosho

Mtaa wa Nyasubi,
Kahama.
23 Juni 2025

Mpendwa Dada Violeth,

Shikamoo dada. Habari za Mtwara, na mgongo wa Shemeji Bartholomeo unaendeleaje? Sisi huku tu wazima, mpunga umeshavunwa, vumbi limeanza, na Sostenes wangu bado anakoroma. Mimi mwenyewe ni mzima ila nina njaa. Sifanyi utani. Nina njaa ya siku saba, na barua hii naiandikia uani, mbali na jiko, kwa makusudi.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwa simu ungenikatiza kwenye sentensi ya pili ukaanza kulia. Barua haikatizwi. Nelly ataipiga picha akutumie leo hii hii, nawe uisome mpaka mwisho ndipo upige kelele.

Dada, nafanyiwa upasuaji huko Dar, Jumanne ya tarehe mosi Julai. Wanakata tumbo la chakula, linabaki jembamba kama ndizi. Umbo langu unalijua, tulipewa na Mungu kisha tukaongeza wenyewe. Magoti yamekataa kunibeba, na sukari yangu daktari alipoiona alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Nimeuliza, nimesali, nimekubali.

Sasa kabla ya kisu kuna mtihani. Daktari alinieleza kwamba ini langu limenona, limelilalia tumbo, na lisiponywea hataweza kufika anakotaka. Kwa hiyo wiki mbili nzima sitafuni kitu. Ni maziwa yaliyotolewa mafuta, mtindi usio na sukari, supu iliyochujwa, na unga fulani wa protini wa kukoroga kwa maji, ambao una ladha ya chaki iliyopakwa manukato. Nikidanganya, alisema, ini litanisema. Watanifungua, watalikuta limevimba, watanishona na kunirudisha nyumbani na tumbo langu lote. Maisha yangu yote nimewaogopa majirani, kumbe mmbea nilikuwa naye ndani.

Siku ya kwanza Sostenes alinionea huruma, akaapa kwamba tutafunga wote. Nilitokwa machozi, nikajua nimeolewa. Siku ya pili alirudi jioni akinuka nguruwe wa kitimoto, amenawa mpaka viwiko kwa sabuni ya kufulia. Sikumsema. Nilimwomba tu asinipumulie.

Kazini ndiyo shida zaidi. Unajua sisi wauza mchele, huwezi kupokea gunia bila kutafuna punje mbili tatu kusikia kama mpunga ulikauka. Meno yangu yamefanya kazi hiyo miaka ishirini bila kuniuliza. Jumatano pale mashineni Kagongwa nilijikuta natafuna, nikakumbuka ini, nikatema. Nikatafuna tena, nikatema tena. Mnunuzi aliyetoka mbali alinitazama, akafunga mdomo wa gunia lake taratibu, akaenda kwa jirani. Nani atanunua mchele ambao mwenyewe anautema?

Hilo lingetosha kunifunza, lakini mwanadamu hafunzwi na mchele.

Anayeniuzia ule unga ni Khushbu wa duka la dawa. Mama mkwe wake, Mama Dhanbai, kila mwaka hufunga siku nane kwa maji ya moto tu, ndiyo dini yao, na ana miaka sabini na ngozi laini kuliko yangu. Yeye ndiye aliyenishauri kwamba wenzangu wakila nishike kikombe cha maji ya moto, mikono iwe na kazi. Ushauri mzuri sana kwake. Kwetu karibu univunjie ndoa ya mtoto.

Maana Jumamosi walikuja wakwe. Nelly anachumbiwa na Fredy, yule fundi wa pampu za mgodini niliyekwambia wakati wa Pasaka. Ukafika ujumbe kuzungumza mahari: baba yake, Mzee Ndaki, wajomba, na shangazi mtu, Mama Mageni, mwanamke ambaye akikohoa ukoo mzima unanyamaza. Suala la upasuaji tulikuwa tumelificha. Huku mtu akisikia unalipia hospitali ili ukonde, atauliza nani amekuroga.

Nikapika, dada. Kuku wa kienyeji watatu, wali wa mchele mpya, ugali, maziwa mgando. Kwa pua tu nilikaribia kuzimia. Wanaume wakakaa ukumbini, sisi wanawake tukakaa kwenye mkeka na sinia letu. Tukanawa, tukasali. Kisha mimi, mwenye nyumba, mama wa binti, nikanyanyua kikombe changu cha maji ya moto, nikatabasamu, nikawaambia karibuni.

Hakuna aliyenyoosha mkono.

Unajua tulivyolelewa. Mgeni hatangulii, mwenyeji huonja kwanza, ndipo watu wajue chakula ni salama. Mama alikuwa anaonja hata maji ya kunywa. Mimi njaa ilikuwa imenipotezea akili kiasi kwamba nilisahau jambo ambalo hata mtoto wa darasa la pili analijua. Mama Mageni alikitazama kikombe changu, akalitazama sinia, akaurudisha mkono wake kwenye khanga.

"Mama Nelly," akasema kwa upole unaotisha, "sisi hatuli chakula ambacho mpishi wake anakiogopa."

Ukumbini nako vijiko vya kupakulia vikasimama. Nikamwona Mzee Ndaki kupitia mlangoni anatafuta kofia yake. Nelly alikuwa amesimama na jagi la maji, na uso wake, dada, siwezi kukueleza. Tonge moja tu lingemaliza mambo. Nililimega kabisa, nikalichovya, mchuzi ukanitiririka kwenye vidole. Nikaona upande huu ndoa ya mwanangu, upande huu ini langu.

Nikaliweka chini. Nikamwambia Nelly alete karatasi ya daktari aisome kwa sauti wote wasikie. Mtoto akasoma: sukari, magoti, ini, marufuku zote, tarehe ya upasuaji. Nilitamani mkeka unimeze, lakini mkeka wenyewe nilikuwa nimeukalia.

Alipomaliza akaikunja karatasi. Kisha Mzee Ndaki akauliza kutoka ukumbini kama ini likigoma kunywea, mama anakosa matibabu. Nelly akajibu ndiyo. Mzee akaweka kofia chini. Akatoa hukumu kwamba mama asionje, ila mume na mke ni mwili mmoja, kwa hiyo baba ataonja kwa niaba.

Dada, hujawahi kuona mtu anavyotii wakwe. Sostenes alionja la wanaume, akaja akaonja letu, akarudi kuhakikisha kuku wa pili hana tofauti na wa kwanza. Mama Mageni ndiye aliyemwambia inatosha, wameshaamini. Wakala wote, ng'ombe wakakubaliwa, na Mzee Ndaki akatania kwamba wameshaniona nilivyo, nikikonda tusije tukadai ng'ombe wa ziada kufidia kilo zilizopungua.

Wakati wa kuaga Mama Mageni alinifuata jikoni. Nilidhani anakuja kunimalizia. Akavua kiatu, akanionyesha kidole gumba cha mguu, kimekuwa cheusi.

"Mayu, mama yangu, hii karatasi yako," akasema, "nami naweza kupata nakala?"

Khushbu alimpima jana. Sitaandika namba, ila tumeshampeleka hospitali.

Kile kidole kimenirudisha Ushirombo, kwa mama. Unakumbuka alipougua sukari tulivyoshindana? Wewe asali, mimi ndizi mbivu, kaka Masalu kreti ya soda, kila mmoja akilia mlangoni na kikapu. Alikuwa anakula ili asituvunje moyo. Mpaka siku wanamkata mguu alikuwa na kipande cha mua chini ya mto, kutoka kwangu. Tulimpenda vibaya, dada. Hatukujua.

Mimi sasa najua, na naogopa. Naogopa kisu, na naogopa kwamba huko Mtwara nawe hupimi. Pima wiki hii, tafadhali.

Nisalimie Shemeji Bartholomeo na watoto wote. Sostenes anakusalimu, amenenepa. Nelly na Fredy wanakusalimu pia. Mungu akulinde miguu yote miwili.

Tena, panda basi uje Dar. Nikizinduka Jumanne ile nataka uso wa kwanza uwe wako. Najua hujawahi kuingia nyumba ya mtu bila kubeba kitu, na korosho zako najua umeshaanza kuzikaanga. Ziache. Mara moja katika maisha yetu, dada, njoo kwangu mikono mitupu.

Mdogo wako akupendaye hata akiwa na njaa,
Apolonia